Kisumu hadi Nairobi kwa ndege ni kilomita 280, lakini msipige hesabu kama niliyopiga mimi

mwenyeji_kisumu (mleta uzi)

Wadau habari za jioni. Nimekua msomaji tu humu ndani miaka mingi, leo naandika kwa sababu kila wiki naona mtu anauliza Kisumu hadi Nairobi kwa ndege ni muda gani, anajibiwa "dakika hamsini", anashukuru anaenda kukata tiketi. Hilo jibu si uongo. Lakini lilinifanya nimkosee mama yangu na sitaki mwingine apitie hio.

Mama ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua, na kuna daktari alikua amuone katika hospitali moja huko Nairobi saa nne asubuhi. Basi hawezi, masaa saba au nane amekunja miguu ni kumtesa, kwa hivyo tukachanga kama familia akatafutiwa ndege. Mimi ndio nilipewa kazi ya kupanga. Nikaangalia umbali kwenye simu, kilomita 280. Nikaangalia ndege inaenda kasi gani, kuna mahali wameandika 800 kwa saa. Nikagawanya. Dakika 21! Nikaona hata zile 50 za kwenye tiketi wameongeza tu za kujikinga, nikachukua ndege ya saa mbili, nikajiambia saa tatu kasoro tuko Nairobi, saa tatu na nusu tuko hospitali tunakunywa chai tukingoja.

Sasa skieni vile ilienda. Ndege ilichelewa kutoka dakika 25, hakuna aliyetuelezea sababu. Tukafika na ndege ikasimama saa tatu na robo hivi. Mama alihitaji kiti cha magurudumu, tukangoja watu wote wateremke kwanza halafu kiti nacho kikachelewa kuja, karibu nusu saa imeisha tuko bado hapo. Begi ikachukua dakika nyingine kumi na tano kutokea. Kutafuta teksi yenye mlango mkubwa wa mtu asiyekunja goti, dakika kumi. Halafu barabara. Tulifika mlango wa hospitali saa tano na robo na orodha ya daktari ilikua imefungwa, tukapewa tarehe nyingine wiki tatu mbele. Mama hakusema kitu, alikaa tu kwenye ile benchi ya nje akishika begi yake, na mimi hio picha haijanitoka kichwani mpaka leo.

Kwa hivyo nauliza na pia naeleza. Kwanza, mnisaidie kuelewa mbona ndege ya kasi ya 800 inachukua dakika 50 kwa kilomita 280, mimi sijaridhika na majibu ya juu juu. Pili, tuweke hapa masaa ya ukweli, ya mlango hadi mlango, ili mtu mwenye mgonjwa au mwenye mazishi ajue anaondoka saa ngapi. Mama anarudi kliniki hivi karibuni na safari hii nataka nipange vizuri.

mwalimu_hesabu

Pole sana ndugu, na pole kwa mama. Wacha nianze na umbali kwa sababu watu wengi wanauchukua tu kwenye simu bila kujua unatoka wapi, na sisi watu wa huku tuna bahati ya pekee, tunaweza kuupata na kalamu na karatasi.

Uwanja wa Kisumu uko kama digrii 0 dakika 5 kusini ya ikweta, na digrii 34 dakika 44 mashariki (dakika hizi si za saa, ni za ramani, digrii moja ina dakika 60). JKIA, ule uwanja mkubwa wa Nairobi, iko digrii 1 dakika 19 kusini, na digrii 36 dakika 56 mashariki. Toa moja kwa nyingine. Kwenda kusini tofauti ni dakika 74, kwenda mashariki ni dakika 132. Sasa dakika moja ya latitudo ndio maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, na hapa karibu na ikweta dakika ya longitudo nayo inakaribia kulingana na hio hio. Kwa hivyo una pembetatu mraba, upande mmoja 74 na mwingine 132. Ile kanuni ya Pythagoras ya darasa la nane: 74 mara 74 ni 5,476, 132 mara 132 ni 17,424, jumla 22,900, kipeuo cha pili chake ni 151 na kidogo. Maili 151 za baharini zidisha kwa 1.852 unapata 280. Ndio hizo kilomita zako.

Mtu wa Helsinki hawezi kufanya hivi, kule digrii 60 kaskazini dakika ya longitudo imepungua ikabaki nusu, lazima atumie hesabu za duara la dunia. Lakini sisi ikweta iko hapo Maseno kwenye barabara ya Busia, kutoka uwanja wa ndege hata kilomita kumi hazifiki ukienda kaskazini moja kwa moja.

Nimeuchora pia huo mstari kwenye ramani nikaufuata na rula. Unatoka uwanjani unapita Ahero, unaenda karibu kabisa na mji wa Kericho, unavuka msitu wa Mau, unaingia Bonde la Ufa kati ya Longonot na Suswa, unapanda Kikuyu unakatia juu ya Westlands mpaka Embakasi. Nakuru inaachwa mbali kushoto, zaidi ya kilomita 50. Barabara yetu ndio inazunguka kwa Nakuru na Naivasha, ndio maana kwa gari unapiga kama 345. Ndege yenyewe haifuati rula lakini haiachi mbali sana.

Hio ya muda naachia wanaofanya kazi uwanjani.

dala_migosi

Mimi bado niko na basi la usiku. Unapanda saa tatu usiku Kisumu unaamka Nairobi alfajiri, umelala ndani, umeokoa hela ya kulala hoteli, na hakuna mtu anakupima begi kilo. Ukijumlisha yale masaa yote mleta uzi ameandika, kutoka nyumbani Kondele mpaka hospitali amekula masaa mangapi, matano? Sasa tofauti ya matano na saba na nauli mara tatu mara nne, mtu wa kawaida atapata faida gani? Na treni nayo ilirudishwa Desemba 2021 kwa wale hawana haraka. Sisemi ndege ni mbaya omera, nasema tusidanganyane ati ni dakika hamsini.

mwenyeji_kisumu

@dala_migosi hapo kwa kudanganyana tuko pamoja kabisa. Lakini kwa mtu mwenye goti kama la mama hayo masaa si sawa. Kwa ndege anakaa kwa kiti dakika arobaini, mengine yote anaweza kusimama akanyoosha mguu, aende choo, aketi tena. Kwa basi akikaa amekaa, na pale Mau Summit kukiwa na lori limeanguka mnangoja hapo na baridi. Mimi kijana nitapanda basi kila siku. Mama hapana.

Halafu @mwalimu_hesabu erokamano sana, nimeifanya na karatasi ikatoka vile vile, nimemwonyesha kijana wangu wa kidato cha pili. Nikafanya na nyingine mwenyewe: 280 kwa dakika 50 ni kama kilomita 336 kwa saa, na Nairobi hadi London ni kilomita 6,800 na kitu kwa karibu masaa tisa, hio ni zaidi ya 750 kwa saa. Anga ni ile ile, sasa mbona yetu inaonekana imetambaa?

kijana_wa_mizigo

Nafanya kazi upande wa ardhini uwanjani, kupakia na kuteremsha, kampuni sitaitaja. Hili swali tunaulizwa sana wacha nijibu vizuri.

Kitu ya kwanza, ule muda wa tiketi si muda wa kuruka. Unaanza kuhesabiwa wakati sisi tunatoa vile vigingi tunaweka kwa magurudumu, unaisha vigingi vikirudishwa upande ule mwingine. Kwa hivyo ndani yake kuna kusukumwa, kutembea chini mpaka mwanzo wa njia ya kurukia, kungoja mwenzako atue, halafu kule Nairobi kutembea tena mpaka mahali pa kusimama. JKIA ni kubwa, njia yao inapita kilomita 4.1, yetu hapa baada ya kupanuliwa ni kama 3.3. Toa hizo zote, hewani kabisa unakaa dakika thelathini na kitu. Ile ndege ya mapanga, yaani propela, Dash 8-400 ambayo Jambojet wanatumia inakaa kidogo zaidi ya jeti lakini kwa umbali huu tofauti ni dakika chache sana hautaiskia.

Kitu ya pili ndio watu hawafikirii. Ndege haianzi na 800. Inapanda. Na kabla ipite futi 10,000 kwa kawaida haitakiwi kuzidi maili 250 za baharini kwa saa, hio ni kama 460 za kilomita. Na kushuka nako kuna kipimo chake, kila futi 1,000 za kushuka rubani anahitaji kama maili tatu za baharini mbele yake. Sema umepanda hadi 20,000 unakuja Kisumu, uwanja wetu uko karibu futi 3,800 juu ya bahari, lazima ushuke 16,000 na zaidi, hio ni maili karibu 50. Na mwalimu ameshasema safari nzima ni 151! Theluthi moja ni kushuka, theluthi nyingine ama karibu nayo ni kupanda, ya kunyooka na kuenda kasi inabaki kidogo tu katikati. Ya London inapanda mara moja inashuka mara moja, katikati ni masaa nane ya kasi. Ndio hesabu ya kugawanya ikakukatalia.

Ya tatu ni upepo na mwelekeo. Nairobi siku nyingi wanaruka kuelekea kaskazini mashariki kwa sababu upepo unatoka huko, na Kisumu iko kaskazini magharibi, kwa hivyo ukitoka Nairobi unaanza kwa kuipa Kisumu mgongo halafu unageuka. Ukienda Nairobi unatokea upande wa Ngong unaingia bila kuzunguka sana. Huku kwetu asubuhi upepo unatoka nchi kavu kuenda ziwani, mchana unageuka unatoka ziwani, kwa hivyo upande wa kutua unaweza kubadilika siku hio hio. Ndio maana mtu anakwambia jana tulitumia dakika 32 leo 38 na ndege ni ile ile.

Mleta uzi, kama unaweza chukua ya asubuhi. Mchana na jioni mawingu ya ngurumo yanajengeka kutoka ziwani mpaka milima ya Nandi na Kericho na hapo ndio ndege inazungushwa ama inangojeshwa. Asubuhi shida yake ni Nairobi miezi ya Juni hadi Agosti, wingu linakaa chini, lakini hio ni afadhali.

Na kiti cha magurudumu kiombe wakati unakata tiketi, usiombe ukifika kaunta. Kikiwa kwa orodha kule Nairobi wanajua kabla ndege itue. Hapo ndio ulipoteza nusu saa yako, si hewani.

binti_kakamega

Huu uzi umenifungua macho. Naomba kuuliza, sisi wa Kakamega ni afadhali tushukie Kisumu ama Eldoret? Na kama naenda Mombasa, kuunganisha Nairobi si ni kuzunguka sana?

mwalimu_hesabu

Dada Kakamega shukia Kisumu, ni kama kilomita 50 za lami na uko nyumbani. Eldoret hadi JKIA kwa mstari ni kama 268, si mbali na zetu, kwa hivyo angani hauokoi kitu, utapoteza barabarani.

Ya Mombasa nilidhani kama wewe mpaka nikapima. Kisumu hadi Mombasa moja kwa moja ni karibu 695. Kisumu hadi Nairobi 280, Nairobi hadi Mombasa 422, jumla 702. Yaani kupitia Nairobi kunakuongezea kilomita saba! Miji hii mitatu iko karibu kwa mstari mmoja. Kinachokula muda wako ni kule kukaa Nairobi kungoja ndege ya pili.

Na kuna moja ilinishangaza nikaipima mara mbili. Ukitoka Kisumu, Entebbe iko karibu kuliko Nairobi. Ni kama 255, sehemu kubwa juu ya maji ukielekea magharibi. Mwanza ni kama 329. Sisi watu wa ziwa tumezoea kufikiria kila kitu kinapitia Nairobi hadi tumesahau majirani wetu ni akina nani.

nakuru_section58

Mmeandika Nakuru inaachwa kushoto nikaskia uchungu kidogo haha. Huku kwetu hakuna ndege za ratiba za abiria, tunazisikia tu juu. Mimi nikimsafirisha mzee wangu tunaenda na barabara, kilomita kama 160 hadi Nairobi, masaa matatu kama kuko sawa, na Jumapili jioni kutoka Naivasha ukipanda kwenda Limuru usihesabu kabisa. Kwa hivyo mtu wa Kisumu na mtu wa Nakuru wanaweza kutoka nyumbani saa moja na wakutane hospitali saa ile ile. Sikuwahi kulifikiria hivyo.

mjukuu_wa_bandari

Hapo kwa majirani mwalimu umenigusa. Reli ilifika hapa Desemba 1901, pakaitwa Port Florence, na Kampala ulikua unaenda na meli kutoka hapa. Halafu mwaka 1931 Imperial Airways ya Uingereza ilipoanza njia ya London kuja mpaka Mwanza, Kisumu ilikua kituo, na ndege zenyewe huku ziwani zilikua za kutua majini. Fikirieni hilo, barua ya London inateremshwa hapa. Safari ilikua ya siku nyingi, wanalala njiani, wanabadilisha ndege. Babu yangu alikua kijana mdogo, alisema watoto walikua wanakimbia mpaka ufuoni wakisikia mlio. Watu wanasema sisi tumepata uwanja wa kimataifa juzi, lakini ndege za mbali zilitujua mapema sana.

teksi_obunga

Mimi nabeba watu wa uwanja kila siku acha niongeze ya huku chini. Kutoka Kondele hadi uwanjani dakika kumi na tano, ishirini kukiwa na watu. Kutoka Ahero usinipigie simu saa moja kwa ndege ya saa mbili tafadhali, tutagombana bure. Kaunta zinafungwa mapema kabla ya ndege kuondoka, na ikifungwa imefungwa, nimeona watu wakilia hapo na ndege wanaiona kwa kioo imesimama. Kila kampuni iko na dakika zake, zisome kwa tiketi, lakini mimi nawaambia wateja wangu mfike lisaa limoja na nusu kabla ya ndege, wenye wazee masaa mawili.

Upande wa Nairobi sijui sana ila abiria wananiambia tangu ile barabara ya juu ya kulipia ifunguliwe 2022 ukiwa na pesa ya kulipa unafika Westlands haraka. Ukishukia njiani uingie Upper Hill asubuhi ya siku ya kazi jamu utaipata tu.

mwenyeji_kisumu

Nimerudi wadau. Samahani nilinyamaza, kliniki ilikua juzi na nilitaka nije na jibu kamili.

Nilifanya vile mlinielekeza. Sikupanga kufika siku ile ile, tulienda asubuhi ya siku iliyotangulia tukalala kwa dada yangu. Wengine watasema ni gharama lakini kwa miadi ya hospitali sitawahi tena kufanya vingine. Kiti cha magurudumu niliomba siku ya kukata tiketi. Mama hakupeleka begi ya kupimwa, vitu vyake viliingia kwa mkoba wangu wa mgongoni.

Na nilikua na kalamu, niliandika kila kitu. Nyumbani tulitoka saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri. Uwanjani saa kumi na moja na arobaini. Ndege ilianza kusogea saa moja na dakika nne. Magurudumu yakaacha lami saa moja na kumi na mbili. Yakagusa Nairobi saa moja na arobaini na tano. Ndege ikasimama kabisa saa moja na hamsini na tatu. Kwa hivyo @kijana_wa_mizigo hewani dakika 33, sawasawa na ulivyosema, na kwa jumla 49. Kiti kilikua kinatungoja mlangoni. Saa mbili na robo tuko ndani ya teksi, na saa tatu na dakika tano mama ako kwa kochi ya dada yangu. Mlango hadi mlango masaa matatu na dakika arobaini na tano. Hio ndio namba mtu akiuliza humu mumpe.

Daktari alimuona kesho yake akiwa wa tatu kwa orodha.

Kuna kitu kingine. Mama alikaa dirishani, upande wa kushoto. Ujana wake alichuma chai Kericho miaka tisa kabla aolewe, na alikua anatuambia vile walikua wakitoka Kisumu kwenda kule walikua wanamaliza siku, na mzigo kichwani. Dakika kumi hivi tangu turuke nikamgusa bega nikamwonyesha chini, yale mashamba ya kijani yamekatwa katwa kama mkeka. Akauliza ni wapi nikamwambia ni Kericho. Akasema haiwezekani, hata chai ya ndege bado hawajaleta. Akaegemea dirisha akaanza kutafuta barabara ya kwenda kwenye kambi yao, na nilipomwita nimwonyeshe Longonot hakugeuka, alikua bado anaangalia nyuma.